Kibao Kilichosema Hutembea

Jumatatu, 1 Machi 1993

Leo nimefungua mlango. Chumba ni kimoja, hapa Mukendo, nyuma ya duka la fundi cherehani. Bati linavuja upande wa dirishani tu, kwa hiyo kitanda nimekisogeza ukutani. Daftari hili nililinunua niandike majina ya wagonjwa. Kwa kuwa hajaja hata mmoja, naandika mambo yangu.

Miaka kumi na tisa nimefanya kazi serikalini, si hapa Musoma, nikiwarudisha watu kwenye miili yao: waliovunjika, waliopata kiharusi, watoto waliochelewa kukaa. Ile miaka ya shida, tulipokuwa tunapanga foleni ya sabuni, idara yetu ilibakiwa na kitanda kimoja na kamba ya katani. Baadaye chumba chenyewe kikafanywa stoo, mimi nikawekwa dirisha la kuandika kadi. Serikali iliporuhusu watu kufungua huduma zao wenyewe, niliomba kuacha. Mume wangu Bernado alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alirudi na mabomba mawili ya maji, akayachomelea vyuma vya kusimamia, yakawa reli za mgonjwa kushika anapojifunza kutembea. Reli hizo amezipaka rangi mara mbili.

Kibao amekiandika Felisian, mchora mabango wa pale sokoni: KLINIKI YA FIZIOTHERAPIA. Herufi nzuri sana.

Jumatano, 3 Machi

Mvua kutwa. Hakuna mtu.

Ijumaa, 5 Machi

Wanaume wawili walisimama nje muda mrefu wakisoma. Mmoja akaingia, akavua kofia, akauliza kama hii ndiyo ofisi ya chama kipya. Siku hizi vyama vinaota kila wiki, na vingine vina majina ambayo hata wanachama hawawezi kuyatamka. Nilipomweleza kazi yangu aliondoka akiwa amenyong'onyea. Alikuwa anataka kadi.

Jumanne, 9 Machi

Felisian amefuta, ameandika TIBA YA VIUNGO. Hili kila mtu ataelewa.

Alhamisi, 11 Machi

Aliingia mama mmoja kutoka Makoko, akaangalia kitanda, reli na vifuko vyangu vya mchanga, akauliza iliki na mdalasini viko wapi. Nilicheka, naye akacheka. Kisha akakaa akipumzika, akanisimulia kwamba anakata minofu ya sangara kiwandani na bega lake haliinuki tangu Krismasi. Nikalishika bega. Atarudi Jumatatu. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuja kutafuta viungo vya pilau.

Jumatatu, 15 Machi

Tumeongeza neno MAZOEZI. Wamekuja vijana watatu wanaotafuta vyuma vya kunyanyua. Mama wa bega naye amekuja.

Jumatano, 17 Machi

Mvua.

Ijumaa, 19 Machi

Felisian amekaa kwangu mchana wote, maana na yeye mvua imemnyima kazi. Ameniambia jambo ambalo chuoni Moshi hatukufundishwa.

"Mama Werema, wewe unaandika kazi yako. Mtu anayepita barabarani hasomi kazi yako. Anasoma shida yake."

Akanikumbusha kibao cha yule mganga wa dawa za mizizi, kinachotaja magonjwa kumi na saba. Akasema niandike kupooza, kwa sababu katika mji huu hakuna uani usio na mtu aliyepooza, amelazwa chumba cha nyuma na mlango umerudishwa. Ni kweli. Ndio hao niliofungua mlango kwa ajili yao.

Tukatunga pamoja: WALIOPOOZA WANAWEZA KUTEMBEA TENA. Niliridhika nayo. Felisian akapima ubao kwa shubiri, akatikisa kichwa. Herufi zikiwa ndogo kiasi hicho hazitasomeka toka barabarani. Akapendekeza WALIOPOOZA HUTEMBEA. Hiyo inaenea, tena inabaki nafasi ya kuchora mtu anayetupa fimbo. Mchoro niliukataa. Maneno niliyakubali. Nilijiambia kwamba ni Kiswahili tu na maana ni ileile.

Jumanne, 23 Machi

Wamekuja watu tisa kwa siku moja. Kwa kuwa ni Kwaresima, wawili walikuja na rozari, na mzee mmoja aliuliza maombi yanaanza saa ngapi. Nilieleza, nao hawakuondoka. Jioni nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nikiwa msichana.

Alhamisi, 25 Machi

Leo ameletwa Mwalimu Makongoro.

Wametoka kijiji kimoja mbele ya Butiama kwa pikapu ya mfanyabiashara wa mahindi, wakafikia Nyasho, hapahapa mjini, kwa mdogo wa mke wake. Shemeji wawili walimbeba akiwa amekaa kwenye kiti. Mke anaitwa Boke, mwembamba, mwenye maneno mengi. Alianza kunisimulia kabla hajafika mlangoni: kwamba Mwalimu amefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka ishirini na sita, kwamba kiharusi kilimshika Novemba akiandika ubaoni, kwamba watoto walidhani anawachekesha.

"Tulikuwaga tunampaka mafuta tu, Sista," akasema. "Hatukujua kuna pa kwenda."

Mwalimu aliinua mkono wa kushoto, shemeji wakaelewa, wakakishusha kiti mbele ya kibao. Akasoma. Ni maneno mawili, lakini aliyasoma muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Ndipo akakubali kuingizwa.

Upande wa kulia ndio uliokufa ganzi. Nyonga ina nguvu kidogo, kifundo cha mguu hakina. Mkono unafumba, haufumbui. Maneno yanatoka moja moja, lakini akili ni nzima kabisa. Nilipokosea kutaja jina la kijiji chao alinisahihisha kwa jicho. Nilipomaliza kumpima akaniuliza neno moja.

"Lini?"

Nilijua cha kumjibu. Ilipasa niseme kwamba miezi minne imepita bila mazoezi, kwamba kifundo kile hakinipi matumaini, kwamba huenda akafika mlangoni kwa fimbo na si zaidi. Nje kulikuwa na watu watano kwenye benchi wanasikiliza.

"Tutaona, Mwalimu," nikasema.

Jumatatu, 29 Machi

Mwalimu amekaa bila kuegemea. Boke anaongea mno, mpaka nashindwa kuhesabu.

Alhamisi, 1 Aprili

Sita leo. Bernado amepita na samaki, akaona benchi limejaa, akarudi zake akipiga mluzi.

Jumatatu, 5 Aprili

Mwalimu amesimama katikati ya reli tukahesabu mpaka ishirini. Jasho lilimtiririka. Nilipomkalisha akasema, "Pasaka." Boke akaeleza: kanisani kwao yeye ndiye aliyekuwa akisoma masomo kila sikukuu, na tangu Novemba hajakanyaga kanisa kwa sababu hataki kubebwa mbele za watu. Anataka kwenda komunyo ya Pasaka kwa miguu yake.

Nilisema Pasaka ni karibu mno, nikainama kufunga kifuko cha mchanga.

Kuna jambo nimelitambua tangu wiki jana na sikuliandika. Mama mmoja aliyeteguka mguu amepona, ameondoka bila fimbo, wote pale bencheni wakampongeza. Mwalimu alifumba macho. Nilidhani amechoka.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Tumefunga. Mvua.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Nilikuwa uwanjani pa kanisa baada ya misa ya kwanza, nasalimiana na watu, nikamwona Boke anakuja. Kanga imelowa mpaka magotini, kiatu kimoja mkononi. Alinishika mkono akanivuta.

Alfajiri Boke alikwenda kuchota maji. Mwalimu akaamka, akavaa shati lake jeupe kwa mkono mmoja, vifungo vyote akavifunga. Akajiinua kwa kushika ukuta. Akafika mpaka mlangoni. Sijui alifikaje, mimi mwenyewe nisingethubutu kumsimamisha bila reli. Kizingiti kilikuwa kimelowa. Aliangukia mkono wa kushoto, ule mzima, ukavunjika kwenye kifundo cha mkono.

Mimi na Bernado tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Wakamfunga hogo la plasta toka vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Mchana tulimrudisha Nyasho. Alilazwa kwenye mkeka na shati lake jeupe lenye matope. Mkono mmoja umepooza, mwingine uko ndani ya plasta. Hawezi kufukuza nzi usoni.

Nilikaa chini karibu naye. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia pole. Halafu akasema, na kila neno lilimgharimu:

"Uliandika... hutembea."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hu," akasema. "Si wanaweza. Si watatembea. Hu. Kila siku. Kila mtu."

Boke, aliyekuwa anamfuta matope shingoni, akasema taratibu, "Sisi tungesema wanatembeaga."

Mwalimu akaitikia kwa macho. Miaka ishirini na sita amewafundisha watoto maana ya hiyo hu.

"Wote hutembea," akasema. "Mimi... hapana. Nikajua mbovu ni mimi. Mvivu ni mimi."

Nikaanza kumweleza kuhusu ubao. Kwamba tulikuwa na maneno mengine, mazuri, yana wanaweza ndani yake, ila ubao ulikuwa mfupi na Felisian alipima kwa shubiri. Nilijisikia nikiyasema hayo, nikaishia katikati.

Boke hakuinua sauti. Aliendelea kufuta.

"Kwa hiyo Sista," akasema, "ukweli haukuenea."

Nimerudi nyumbani, chakula cha sikukuu kimenishinda. Bernado ananiambia si mimi niliyemsukuma. Najua. Lakini yale macho yaliyofumbwa niliyaona, na aliponiuliza lini nikamwambia tutaona, na kila siku alipopita mlangoni mwangu alisoma maneno niliyoyaweka mimi.

Jumatatu, 12 Aprili

Nilikwenda asubuhi na kitambaa na mafuta ya taa, nikakifuta kibao mwenyewe. Felisian alinikuta juu ya stuli. Aliposikia yaliyotokea alikaa chini kwenye ngazi, akasema yeye ndiye aliyeliondoa lile neno. Nikamwambia aliliondoa mbele ya macho yangu nami nikaitikia. Akachukua kitambaa akamalizia herufi za juu nisizozifikia.

Jumanne, 13 Aprili

Nimewaita wagonjwa wote mmoja mmoja. Kila mtu nimemwambia ninachodhani atakipata na nisichodhani. Watatu wameondoka na sitegemei kuwaona tena. Mmoja aliniita mkatili. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu asiyekaa alilia, akajifuta, akauliza zoezi linalofuata ni lipi.

Jumatano, 14 Aprili

Nimekwenda Nyasho kwa miguu, matope mpaka kwenye vifundo. Njiani niliyapanga maneno, nikayapangua. Mwishoni nimemwambia hivi:

"Mwalimu, kutembea barabarani peke yako, sidhani. Kutoka kitandani mpaka mlangoni, kwa fimbo na mtu ubavuni, nadhani tutaweza kabla ya mavuno. Mkono wa kulia sijui. Sikufichi kitu."

Alinitazama mpaka nikadhani ananifukuza.

"Mavuno," akasema. "Ya nini?"

Boke aliachia kicheko, akaziba mdomo. Mtama kwao huvunwa nyuma sana ya mahindi. Mwalimu alitaka ahadi yenye tarehe.

"Ya mahindi," nikasema.

Akafikiri. "Kesho," akasema. "Njoo."

Jumatatu, 19 Aprili

Nyasho kila asubuhi, Mukendo mchana. Boke nimempa kazi ya goti na bega. Mikono yake inasikia kuliko ya wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha, na kumbe yale maneno mengi yana faida: anapomsimamisha Mwalimu humsimulia habari za majirani, naye husahau kuogopa. Nilikuwa namwona msumbufu.

Alhamisi, 22 Aprili

Mvua. Mgonjwa mmoja.

Jumanne, 27 Aprili

Mwalimu amekataa kulishwa uji. Amefunga mdomo kama mtoto. Boke akamwambia basi ale mwenyewe, akatoka nje kwa hasira, nikabaki naye. Nikachukua kijiko, nikakizungushia kitambaa mpaka kikawa kinene, nikakitia katika mkono wa kulia, ule uliopooza, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Tulikaa na kile kijiko mpaka uji ukapoa.

Jumatatu, 3 Mei

Kijiko kimefika mdomoni. Nusu ya uji iko kwenye shati. Mwalimu amemeza, akatazama bakuli, akakirudisha kijiko tena.

Naandika hili kwa shida. Mkono wa kushoto ungekuwa mzima, asingeusumbua wa kulia. Hogo ndilo lililoulazimisha. Boke ameyasema hayo mwenyewe, kwamba labda Mungu alikuwa na sababu. Nikamwomba asiyarudie, kwangu wala kwa mtu mwingine. Mtu alianguka kwa ajili ya kosa langu, na kama kuna kitu kimepatikana, ni yeye na mkewe wamekipata kwa jasho lao. Hogo hilo sitaki kulisifia.

Jumatatu, 10 Mei

Wawili. Mvua imepungua. Kibao bado ni cheupe, watu wanauliza kama nimehama.

Jumamosi, 15 Mei

Felisian ameleta ubao mwingine, wa kreti la mashine iliyoshushwa kiwanda cha samaki. Ni mrefu karibu mara mbili ya ule wa kwanza. Aliuegemeza ukutani, akasema nimpe maneno na hatapima.

Maneno sina. Kila ninaloliandika naliona linaahidi au linatisha. Nimemwomba Mwalimu anitungie. Amesema atafikiri.

Jumanne, 18 Mei

Yametoka leo. Yeye alitamka, Boke akaandika nyuma ya bahasha:

KIHARUSI. MGONGO. MIFUPA ILIYOVUNJIKA. WATOTO WALIOCHELEWA. MAZOEZI YA KUJIFUNZA UPYA KUJIHUDUMIA. NJOO TUJARIBU.

Felisian alisoma mara mbili, akasema kwa heshima kwamba tujaribu litafukuza watu, kwa sababu mtu hatoki kwake na maumivu aje kujaribiwa. Mimi pia niliogopa. Nilimfikishia Mwalimu maoni hayo. Aliyasikiliza yote kwa makini.

"Acha," akasema. "Iwe hivyo."

Ikawa hivyo.

Jumatatu, 24 Mei

Hogo limekatwa leo hospitalini. Mkono wa kushoto umekonda, lakini mfupa umekaa sawa. Hodi za kibao kipya: mtu mmoja, mgongo.

Jumamosi, 29 Mei

Wameondoka kurudi kwao.

Mwalimu alitoka kitandani, fimbo kushoto, Boke kulia. Boke hakumshika; alitembea naye bega kwa bega, akimsimulia jinsi mdogo wake alivyounguza ugali jana. Walipofika kwenye kizingiti Mwalimu alisimama, akakiangalia, akainua mguu wa kulia kwa nyonga kama nilivyomfundisha, akakivuka. Nje kiti kilikuwa kinangoja. Akakaa, shemeji wakambeba mpaka kwenye pikapu kama alivyokuja.

Majirani waliona kubebwa tu. Mama mmoja akaninong'oneza, akauliza kama ameshindikana. Nikamwambia leo amekunywa uji kwa mkono wake. Aliniangalia kama mtu aliyejibiwa swali lingine.

Boke alisikia. Alinivuta pembeni ya gari.

"Sista, asubuhi kaniambia nitoke nje," akasema. "Alitaka kuvaa suruali mwenyewe. Nimesimama uani pale nikalia. Tangu Novemba nilikuwaga nesi wake. Leo nimetolewa nje kama mke."

Mwalimu alinipa mkono. Wa kulia. Ulifumba juu ya mkono wangu, na ilichukua muda kufumbuka, nami sikuuharakisha.

Jumatano, 2 Juni

Jua. Nimeanika magodoro. Hakuna mtu.

Jumanne, 8 Juni

Mvua zimekwisha, barabara imekauka. Saa nne amefika mwanamke wa makamo kutoka Bunda, anaitwa Gati, akimwongoza baba yake anayeburuta mguu. Nikamuuliza kama alikiona kibao toka barabarani. Akasema hajui kusoma. Jana walipoteremka Kiabakari kusubiri gari walikaa na mama mmoja mwembamba mwenye maneno mengi, na alipomwona mzee anavyotembea hakuwaacha mpaka gari lilipokuja.

"Amesema hapa Mukendo kuna mama mmoja," akasema Gati, akichungulia nyuma yangu kama anayemtafuta huyo mama. "Hadanganyi mtu. Ila ametuonya, anachosha watu vibaya sana."

Nikamwambia ndiye mimi, na mzee avue viatu.